Mafuta ya bangi na kansa ya utumbo mpana: tupige hesabu kabla ya kununua kichupa

#1 Mkolezo (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu.

Klipu za "bangi inaua kansa ya utumbo" hazikauki kwenye magrupu, na anayezisambaza hasemi uongo mtupu. Seli za saratani ya utumbo mpana zinakufa kweli zikimwagiwa THC au CBD, kemikali mbili kuu za bangi (ya kwanza ndiyo inayolewesha), kwenye sahani ya maabara. Mwaka 2007 watafiti wa Bristol, Uingereza, walionyesha THC ikishika kipokezi cha CB1 juu ya seli hizo na kuzima njia mbili zinazoisukuma seli ikue, RAS-MAPK na PI3K-AKT. Seli ikikosa msukumo huo inajiua yenyewe. Mwaka 2012 kundi la Napoli, Italia, lilichukua panya waliopewa kemikali ya kuwaletea vivimbe vya utumbo, likawachoma CBD, na vivimbe vya awali vikapungua. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo likapata jibu la aina hiyo kwa CBG, kemikali nyingine ya bangi.

Kinachorukwa kwenye klipu zote ni swali moja: zilimwagiwa kiasi gani?

Twende na CBD. Maabara nyingi hufanya kazi kwenye mkolezo wa karibu maikromola 10. Uzito wa molekyuli ya CBD ni 314.5, kwa hiyo maikromola 10 ni sawa na nanogramu 3,145 kwenye kila mililita. Shika namba hiyo.

Sasa chukua kichupa cha mL 10 kilichoandikwa 10%. Ndani mna mg 1,000, kichupa kizima. Tone moja ni kama mL 0.05, yaani mg 5. Anayeelekezwa "matone matatu asubuhi, matatu jioni" anakunywa mg 30 kwa siku. Watu wazima wenye afya waliomeza mg 1,500 kwa mkupuo mmoja bila kula, yaani kichupa na nusu, damu yao ilifika karibu nanogramu 300 kwa mL, tena hapo ni kileleni, kisha inashuka. Linganisha na ile 3,145. Umekunywa kichupa na nusu na umefika moja ya kumi ya kilichokuwa kwenye sahani. Kwa matone sita hata tusihangaike kugawanya.

Sababu ni kwamba CBD ikimezwa, ni kama 6% tu inayoingia kwenye mzunguko wa damu. Haiyeyuki kwenye maji, na inayofyonzwa hupita kwanza kwenye ini, ambalo huivunjavunja kabla haijasambaa. Hiyo kidogo inayobaki, zaidi ya 94% yake hushikamana na protini za damu. Kwenye sahani majaribio mengi hufanywa kwa majimaji yenye protini kidogo sana, ndiyo maana dawa huonekana kali kuliko ilivyo ndani ya mtu.

Karibuni kwa hoja. Matusi peleka jukwaa la mpira.

#2 kibarazani

Nimekaa mkao wa kula.

#3 Bwana Shamba Kimara

Mkuu Mkolezo, hesabu nzuri ila umeonea upande mmoja. Mosi, CBD huliwa na chakula cha mafuta, siyo tumbo tupu. Pili, unazungumzia damu wakati uvimbe upo utumboni. Ile ambayo haikufyonzwa inapita wapi? Si inapita palepale penye uvimbe? Ukimeza dawa ya minyoo, inamuua mnyoo bila kupita kwenye damu.

Tatu, panya wa Napoli walipewa mg 1 kwa kilo. Ukibadilisha dozi ya panya kuwa ya binadamu unagawa kwa 12.3. Inakuwa mg 0.08 kwa kilo, mtu wa kilo 60 ni mg 5. Tone moja! Hapo unasemaje?

#4 Mkolezo

Bwana Shamba, hizi ndizo hoja nilizokuwa nazisubiri.

Chakula cha mafuta kinapandisha CBD ya damu mara 4 hadi 5, ni kweli. Ile mg 1,500 ukiila na mlo uliojaa mafuta unafika kama 1,600 kwa mL. Ni nusu ya sahani, kwa saa chache, kwa dozi ambayo ikirudiwa kila siku huleta kuhara na kupandisha vimeng'enya vya ini. Seli za sahani huloweshwa saa 24 hadi 72 mfululizo.

Ya pili ina mashiko, na kama siku moja kitatoka kitu hapa, mimi ningetazama upande huo. Ila mfano wa mnyoo unakwama sehemu mbili. Mnyoo anaogelea ndani ya bomba, uvimbe umezama kwenye ukuta wa bomba. Uvimbe wa daraja la T3 umeshapenya tabaka la misuli, na seli zake za chini zinalishwa na mishipa ya damu, haziguswi na choo. Zilizokwisha kwenda kwenye tezi za limfu au kwenye ini hazina habari na kinachopita utumboni. Halafu CBD iliyonasa kwenye kinyesi haijayeyuka kama ile ya sahani, kikigusa ukuta hakuna anayejua ni molekyuli ngapi zimevuka. Kwa polipu, yaani kinyama kidogo kilichojitokeza ndani ya bomba, hoja yako ina uhai. Kwa saratani iliyozama, hapana.

Ya tatu: umegawa sawasawa, 12.3 ndiyo namba. Lakini panya walichomwa sindano kwenye uwazi wa tumbo, hawakumeza. Ukirudisha ile 6%, mg 5 inakuwa mg 83 za kumeza. Kubwa zaidi, panya wale walianza CBD kabla ya kupewa kemikali ya kansa. Hilo ni jaribio la kuzuia. Mgonjwa anayenunua kichupa Kariakoo ana uvimbe tayari, labda wa miaka mingi. Kuzuia moto usiwake na kuzima ghorofa linaloungua ni kazi mbili.

#5 Mkolezo

Nyongeza, maana nimesahau kitu kinachoniudhi zaidi kuliko vyote.

Kuna kazi ya 2004 iliyochapwa kwenye jarida la Cancer Research. Seli za saratani ya mapafu na ya ubongo ziliwekewa THC kwa mkolezo mdogo, nanomola 100 hadi 300, yaani kiwango ambacho mvutaji wa kawaida anakifikia kwenye damu. Seli zikaongeza kasi ya kugawanyika. Mkolezo mkubwa unaua, mdogo unachochea. Hizo si seli za utumbo, nakiri, na sahani inabaki kuwa sahani. Ila anayesema "hata kama haisaidii haidhuru" aijibu hiyo kwanza.

Na CB1 yenyewe: mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba uvimbe mwingi wa utumbo mpana huwa umeshaizima jeni ya kipokezi hicho kwa kuibandika methili, alama ya kemikali inayofunga jeni. Mlango ambao THC ilipitia kule Bristol unakuta umepigwa tofali.

#6 Mjani Tiba

Nyie wasomi mnatuchosha. Mzungu anajua bangi inatibu, anaficha ili auze kemo. Dawa ya Mwafrika haiwezi kukubalika mpaka ipewe jina la Kizungu. Basi.

#7 Mchikichi

Mjani Tiba, kaka, unajua irinotekani imetoka wapi? Ile dripu ya njano inayopewa wagonjwa wa utumbo mpana? Kwenye mti. Mti wa Kichina, Camptotheca. Wall na Wani waliitoa kamptothesini kwenye mti huo mwaka 1966. Ikaua seli maabara vizuri mno. Ilipoanza kupewa watu miaka ya 70, ikawatoa damu kwenye kibofu na majaribio yakasimamishwa. Wakemia wakakaa na molekyuli hiyo miaka mingi, wakabadilisha kipande kimoja kimoja hadi ikayeyuka kwenye maji, na Marekani ikairuhusu mwaka 1996. Miaka 30 kutoka mti hadi dripu. Vinkristini nayo inatoka kwenye yale maua ya waridi na meupe yanayoota pembeni mwa kuta za nyumba huku pwani. Hakuna aliyeficha majani.

Na bangi haijafichwa. Dronabinoli, ambayo ni THC ya maabara, na nabiloni, ndugu yake wa kutengenezwa, ziliruhusiwa Marekani 1985 kwa kichefuchefu cha kemo. CBD safi iliruhusiwa huko 2018 kwa kifafa cha watoto na inauzwa ghali. Kampuni inayouza CBD kwa kifafa ingefurahi kuliko wewe kuiuza kwa kansa, maana wagonjwa wapya wa utumbo mpana duniani ni kama milioni 1.9 kwa mwaka.

Kinachoweza kufanana na safari ya irinotekani ni kazi ya Penn State, kule Hershey, Pennsylvania. Walipima molekyuli 370 za kutengenezwa zenye sura ya kanabinoidi dhidi ya aina saba za seli za saratani ya utumbo mpana. Kama kumi tu ndizo zilizozuia ukuaji kwa aina karibu zote. THC na CBD za mmea, kwenye jaribio hilohilo, zilifanya kidogo sana. Kwa hiyo watu wa maabara wenyewe wanaliacha jani nyuma na kubaki na umbo la molekyuli. Na tafadhali, "za kutengenezwa" hapa siyo ule moshi wa vipakiti unaowazimisha vijana. Hizo ni sumu nyingine kabisa.

#8 Mjani Tiba

Sawa, hiyo ya mti sikuwa naijua. Ila bado sijakubali.

#9 Famasia ya Kona

Mmemaliza sahani na panya, sasa tuingie kwenye mgonjwa ambaye anatumia kimyakimya na yupo kwenye dozi. Hapa ndipo watu wanapoumia.

CBD huzuia vimeng'enya vya ini vinavyosafisha dawa: CYP3A4, CYP2C19, CYP2C9. Ukivizuia, dawa nyingine zinarundikana. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuona INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) inapanda bila kubadili chochote kwenye vidonge. Kapesitabini yenyewe, ile ya vidonge ya utumbo mpana, tayari inapandisha INR ya mtu wa wafarini, na onyo hilo limo kwenye karatasi ya dawa. Weka na mafuta ya CBD juu yake, una vitu viwili vinavuta upande mmoja. Dalili ni fizi kutoa damu, michubuko isiyo na sababu, choo cheusi. Na mgonjwa wa utumbo akiona choo cheusi anadhani ni uvimbe, anakaa nyumbani.

Irinotekani inasafishwa na ini kwa njia zaidi ya moja, na CYP3A4 ni mojawapo. Mwaka 2007 Wadachi walijaribu chai ya bangi kwa wagonjwa 24: mL 200 kwa siku, gramu 1 ya jani kwa lita, siku 15. Viwango vya irinotekani na dosetakseli, dawa nyingine ya kemo, havikubadilika. Wauzaji wanapenda kulitaja hilo. Wasichosema ni kwamba chai karibu haibebi kitu, kwa kuwa kanabinoidi haziyeyuki kwenye maji. Jani bichi lina THCA, lazima lipate moto wa kutosha ndipo iwe THC, na hata ikiwa THC inataka mafuta au pombe ili itoke. Huwezi kuchukua usalama wa chai ukaubandika kwenye kichupa cha mafuta.

Ini lenyewe: CBD kwa dozi kubwa hupandisha ALT, kimeng'enya kinachoonyesha ini linaumia. Kama saratani imeshafika kwenye ini, daktari anayetazama ALT imepanda atafikiri nini? Uvimbe umekua, au kemo inaunguza. Anaweza kupunguza dozi ya kemo au kuisogeza mbele kwa kosa la kichupa ambacho hakuambiwa.

Anayetumia rifampisini kwa TB ni kinyume: rifampisini inaharakisha vimeng'enya na THC na CBD zinashuka kwenye damu. Anaongeza matone, halafu TB ikiisha na rifampisini ikasimama, matone yaleyale yanamlewesha.

Na ile dripu ya kuamsha kinga ya mwili, nivolumabu na wenzake, ambayo kwa utumbo mpana hupewa wachache wenye uvimbe wa aina ya MSI ya juu (seli zake hushindwa kurekebisha makosa ya DNA): Israeli walifuatilia wagonjwa wa saratani mbalimbali, wenye bangi walioitikia tiba walikuwa 15.9%, wasio na bangi 37.5%. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura nani apate bangi na nani asipate, yawezekana wenye bangi walikuwa hoi zaidi tangu mwanzo. Ila tofauti ya ukubwa huo mtu mwenye akili haipuuzi wakati dripu moja inagharimu mamilioni.

#10 Sista wa Zamu

Asante sana Famasia. Naongeza ya wodini na ya nyumbani.

THC inapunguza mwendo wa utumbo. Kwa mtu mwenye uvimbe uliobana njia, hususan upande wa kushoto ambako bomba ni jembamba na choo kimeshakauka, hiyo ni hatari kubwa kuliko zote mlizotaja. Tumbo kujaa, kutotoa choo wala hewa, maumivu ya kubana na kuachia, kutapika: hiyo ni njia kuziba, ni kwenda emergency usiku huohuo. Mafuta yanaweza kutuliza kichefuchefu na maumivu ya saa za mwanzo, familia ikafurahi kwamba "dawa imekubali", kumbe utumbo unaelekea kupasuka.

Mkanganyo wa aina hiyo upo kwenye oksaliplatini pia, dripu nyingine ya kemo ya utumbo mpana. Baada ya dripu, vidole na koo vinawaka ganzi ukigusa baridi. Ndiyo maana anaambiwa asinywe maji ya friji wala soda ya baridi ya kwa Mangi kwa siku kadhaa. Ganzi ile ya mwanzo hupungua yenyewe ndani ya wiki mbili. Ukianza matone siku ya tatu, siku ya kumi utaapa kwamba matone yamekuponya.

Kuhusu kuvuta: jani lililokaushwa kienyeji kwenye hewa ya Dar, unyevu huu mnaoujua, linabeba ukungu wa Aspergillus. Mtu mzima wa afya hakohoi hata. Mtu ambaye neutrofili zake, chembe nyeupe za kinga kwenye damu, zimeshuka chini ya 500 baada ya kemo anaweza kupata ukungu wa mapafu. Moshi hauui mbegu zote za ukungu. Joto likifika 38 ukiwa kwenye kemo usimeze panado ukalala, nenda hospitali na useme kwamba unavuta.

Na kabla ya kipimo cha kamera au upasuaji, mwambie mtu wa usingizi. Colorado waliangalia wagonjwa 250 wa kamera, wanaotumia bangi mara kwa mara walihitaji propofoli, dawa ya usingizi, mara tatu na zaidi ya wengine. Usipomwambia, unaamka katikati ya kipimo au anakuongezea akiwa hajui anapambana na nini. Hakuna atakayekupigia polisi simu, anataka namba tu.

#11 kibarazani

Sista, mara tatu?!

#12 Sista wa Zamu

Ongezeko la 220%. Ndiyo, mdogo wangu.

#13 Wakili wa Kijiweni

Upande wa sheria kwa ufupi. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Bangi ni bangi, jani au mafuta, na cheti cha daktari wa nje hakikupi kinga uwanja wa ndege. Watu wanachanganya kwa sababu majirani wamefungua milango: Lesotho 2017, Zimbabwe 2018, Malawi 2020, na Afrika Kusini Mahakama ya Katiba ilikubali matumizi binafsi 2018. Kichupa halali Johannesburg kinageuka kesi ukishuka hapa. Dawa yoyote inayouzwa kama tiba inatakiwa iwe imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kichupa cha mtu wa Instagram anayekutana nawe kituo cha mwendokasi hakijasajiliwa, sihitaji kukiona.

#14 Mchikichi

Na hata kama sheria ingeruhusu, ndani ya kichupa kuna nini? Mwaka 2017 Marekani, kwenye maabara za kisasa, walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima. Ni 31% tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa. Na 21% zilikuwa na THC ambayo mnunuzi hakuitaka. Huko kuna sheria na mahakama za kushtakiana. Za kwetu za kubandika lebo mtaani, chora picha mwenyewe.

#15 Pwani Moja

Wakuu naomba kuuliza. Kuna ile ratiba ya mafuta meusi mazito, "gramu 60 kwa siku 90", wengine wanaiita RSO. Hiyo si dozi kubwa ya kutosha kufika mkolezo wa sahani?

#16 Mkolezo

Swali zuri, twende nalo polepole.

Ratiba hiyo inaanza na kipande cha ukubwa wa nusu punje ya mchele na kupanda hadi gramu 1 kwa siku. Chukulia mafuta yana 60% THC. Gramu moja inakuwa mg 600 za THC kwa siku. Jaribio la Australia la kichefuchefu cha kemo lilitumia vidonge vya THC mg 2.5 pamoja na CBD mg 2.5, mgonjwa anapandisha mwenyewe kidonge 1 hadi 4, mara tatu kwa siku. Juu kabisa ni mg 30 za THC. Ratiba ya mtandaoni ni mara 20 ya hapo, kwa mtu aliyekonda, anayetapika, mwenye maji pungufu mwilini.

Kinachotokea: presha inashuka akisimama, anaanguka, moyo unakimbia, anachanganyikiwa. Kapesitabini na 5-FU, ndugu yake wa dripu, kwa baadhi ya watu hubana mishipa ya moyo na kuleta maumivu ya kifua. Sasa mtu huyo anasema moyo unamwenda mbio: ni mafuta au ni moyo kweli? Usibahatishe, maumivu ya kifua ukiwa kwenye dawa hizo mbili ni kusimamisha dozi na kwenda hospitali.

Halafu wanaokula hujidanganya na muda. Ya kumeza inachukua dakika 30 hadi saa mbili kuanza. Baada ya dakika 40 anasema haijashika, anaongeza, zote mbili zinamkuta pamoja.

Na mafuta hayo hukamuliwa kwa nafta au spiriti. Mpishi wa mtaani akikosa subira, kiyeyushi kinabaki ndani na mgonjwa anakimeza. Akikosa umakini, mvuke unashika moto jikoni. Sielezi zaidi ya hapo namna ya kukamua, msiniulize PM.

#17 Bwana Shamba Kimara

Mkolezo nimekuelewa, hasa hiyo ya kuanza kabla ya kemikali, nilikuwa sijaisoma hivyo. Basi tuambieni ni wapi bangi imefaulu kwa mgonjwa wa kansa, ili tusionekane tunapinga kila kitu.

#18 Famasia ya Kona

Kichefuchefu, baada ya dawa za kawaida kushindwa. Jaribio hilo la Australia: waliopata THC na CBD juu ya dawa za kawaida, 25% hawakutapika wala kuhitaji dawa ya ziada. Waliopata kidonge bubu, kisicho na dawa ndani, 14%. Faida ipo, siyo ya ajabu, na ilikuja pamoja na kizunguzungu na usingizi. Kabla ya kufika hapo kuna ondansetroni, deksamethasoni, na olanzapini usiku, ambayo ni ya bei ndogo na wengi hawaipewi kwa sababu tu hawajasema kwamba bado wanatapika. Sema.

CBD pekee kwa wagonjwa wa saratani iliyosambaa, Australia hiyohiyo 2022: haikuishinda mafuta bubu kwenye jumla ya dalili.

Kwa kutibu saratani yenyewe, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilitoa mwongozo 2024: bangi isitumike kama tiba ya saratani nje ya jaribio rasmi. Hakuna jaribio la binadamu lililoonyesha inapunguza uvimbe wa utumbo mpana. Lililo maarufu, la Uhispania 2006, lilikuwa wagonjwa tisa wa saratani ya ubongo, THC ikiingizwa kwa mrija ndani ya uvimbe kwenye kichwa. Siyo matone chini ya ulimi.

#19 Mchikichi

Mnajua kinachochekesha? Wakati watu wanagombania mafuta ya bangi, aspirini imepita mlango wa mbele. Jaribio la Skandinavia, 2025: wagonjwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa utumbo mpana, ambao uvimbe wao ulikuwa na mabadiliko ya jeni ya PIK3CA, walipewa mg 160 kila siku kwa miaka mitatu. Saratani ilirudi kwa 7.7%, dhidi ya 14.1% ya kidonge bubu. Wagonjwa kugawanywa kwa kura, kidonge bubu, kila kitu. Ni kwa wenye mabadiliko ya jeni ya aina hiyo tu, na aspirini inatoa damu tumboni, kwa hiyo isiwe sababu ya kukimbilia duka la dawa. Lakini waone ushahidi wa kweli una sura gani. Mwaka huohuo, mazoezi ya kusimamiwa baada ya kemo: 80% walikuwa hai bila ugonjwa baada ya miaka mitano, dhidi ya 74%. Kutembea kwa kasi Coco Beach hakuna lebo wala kichupa, nadhani ndiyo maana hakutangazwi.

#20 Pwani Moja

Na mtu ambaye tayari anatumia, hataki kuacha, ila anaogopa kumwambia daktari wa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar? Aanzie wapi?

#21 Sista wa Zamu

Aende na kichupa chenyewe, au picha ya lebo pande zote mbili. Kama lebo ina asilimia tu, achukue bomba la sindano la mL 1 bila sindano, adondoshee matone ndani na kuhesabu mangapi yanafika mstari wa 1. Yanaweza kuwa 20, yanaweza kuwa 35, kila kitone kina mdomo wake. Aandike kwenye karatasi: matone mangapi, saa ngapi, na chakula au bila, ameanza tarehe gani. Pembeni aandike dawa zote, pamoja na za presha, za TB, na mizizi kama anakunywa. Aombe vipimo vya ini (ALT, AST na bilirubini) pamoja na FBP, picha kamili ya damu, kabla ya mzunguko wa kemo unaofuata, na INR kama yupo kwenye wafarini. Akiona anaona aibu kusema mbele ya ndugu, ampe nesi karatasi wakati wa kupima uzito. Pale huwa unaingia peke yako.